Maji ya Mama Enesia

Usiku wa kuamkia leo niliota pipa linaniita kwa jina la ukoo.

"Mligo," lilisema. "Njoo hapa."

Sikushangaa kwamba pipa linasema. Kilichonikera ni kuitwa Mligo kavukavu, bila "Mzee" wala "Bwana", tena na kitu ambacho mimi ndiye ninayekisugua. Katika ndoto ilikuwa saa nne asubuhi, ukungu wa Njombe umekwishapanda, nami nimesimama bandani na ndoo yangu mkononi. Nilikuwa nimevaa koti la kazini na chini sina suruali. Hilo nalo halikunishangaza.

Kabla sijaendelea nieleze pipa lenyewe ni la namna gani, maana nikiwaambia watu wa mjini kwamba natunza pipa, wanadhani ni la mafuta ya taa. Hili ni pipa la kuogea. Ni kubwa, la mbao za mtarakwa, limefungwa pete tatu za chuma, lina jiko la kuni ubavuni la kuchemshia maji, na pampu ya kuyazungusha mpaka yapite kwenye chujio. Watu wanne wanakaa humo wameloa hadi mabegani. Wageni wetu hutoka mbali, huingia humo wakati baridi inauma masikio, hutazama mashamba ya viazi na kusema "aaah". Mwenye nyumba ya wageni anaishi Dar es Salaam. Mimi niko hapa na pipa, huu mwaka wa tisa.

Kuchemsha maji si kazi, hata mlevi anaweza. Kazi ni kuyaweka safi. Maji ya moto yakikaa, jasho la watu na mafuta ya miili yao hubaki humo, na mbao zina vijitundu ambamo uchafu hujificha mpaka utelezi uote. Ukitia dawa kidogo, maji yanaoza. Ukizidisha, mbao zinapauka na kuota nyuzi. Tena huwezi kulimwaga ukaenda zako, kwa sababu pipa la mbao likikaa kavu siku chache tu mbao zinasinyaa, na siku ukilijaza linavuja kila upande. Ndiyo maana sitoki hapa. Watu husema Hezron Mligo kaoa pipa. Waseme.

Mke wangu, Mama Enesia, naye alisema hivyo, ila yeye alisema akiwa anafunga mizigo. Nitafika huko. Ndoto yenyewe ilinifikisha huko nikitaka nisitake.

"Leo kuna ukaguzi," pipa likasema.

"Ukaguzi wa nini?"

"Wa maji."

"Maji yako tayari. Nimeyapima saa moja."

"Leo maji ni wewe."

Nikaliambia kwamba mimi si maji, mimi ni mwajiriwa. Likajibu kwamba halioni tofauti: vyote viwili hukaa pale vilipowekwa.

Mkaguzi akaingia. Alikuwa mrefu, mweupe, mwembamba kiasi kwamba akigeuka ubavu haonekani, na kifuani ana miraba mitatu iliyopangwa juu chini. Nikamtambua mara moja. Alikuwa kimoja cha vile vikaratasi vyangu vya kupimia maji, vile ninavyochovya asubuhi na jioni na kusoma rangi zake. Nimechovya maelfu yao kwa miguu na kuwatupa kwenye ndoo, kwa hiyo niliona heri nimwite Bwana Karatasi na nimpe kiti.

"Nitasimama," akasema. "Nikikaa nakunjika. Fungua kifungo cha juu."

Nikafungua. Akainua mguu mmoja, akauingiza kifuani mwangu hadi kwenye kifundo, akahesabu sekunde kumi na tano kimyakimya, akautoa na kuukung'uta. Haikuuma. Ilikuwa baridi kidogo.

Tukatazama miraba yake sote wawili. Ilikuwa myeupe, yote mitatu.

"Dawa hakuna. Uchafu hakuna. Uchachu hausomeki," akasema.

"Basi ni safi," nikasema, na nakiri nilijisikia vizuri.

"Sijasema safi. Nimesema hakuna kitu. Haya maji yameingiwa na mtu mara ya mwisho lini?"

Nikafikiri. "Miezi saba iliyopita."

Akajiandika hilo mgongoni, akaniambia niingie pipani nikapimwe vizuri. Kisha akanionyesha ubao ulio ukutani. Ubao ule niliuandika mwenyewe kwa rangi ya buluu, kwa mkono wangu, na herufi zake zimenyooka kuliko za ofisi nyingi. Kanuni ya kwanza inasema: OGA KWA SABUNI KABLA YA KUINGIA MAJINI.

Hiyo ni kanuni nzuri. Naipenda. Nikaenda bafuni.

Kwenye mlango wa bafu pamebandikwa ubao kama ule, mwandiko wangu uleule: OGA KABLA YA KUINGIA.

"Naingia kuoga," nikauambia mlango.

"Naona. Lakini hujaoga."

"Nikaoge wapi?"

"Bafu linalofuata."

Nakwenda bafu linalofuata. Lina ubao. Nakwenda la tatu, ambalo liko katika shule yangu ya msingi, nyuma ya darasa la nne, na lina ubao. La nne liko kanisani, pale kwaya inapokaa. Wanakwaya wote wamesimama na taulo mabegani wakisubiri zamu, na hakuna hata mmoja anayeweza kuanza kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeanza. Nawasalimu. Wananijibu kwa sauti nne zilizopangwa vizuri. Napita.

Katika bafu la saba nikakuta kipande cha sabuni kimekaa juu ya kigoda. Kilikuwa kimekwisha, kimebaki chembamba kama ganda la kiazi.

"Huyu nimemwosha sana," sabuni ikamwambia mtu fulani ambaye sikumwona. "Mimi nimeisha, yeye hajaridhika."

"Nataka ruhusa tu ya kuingia," nikasema.

"Mzee, wewe ulikuwa safi tangu mwaka juzi. Nenda. Wahenga walisema kuchamba kwingi..." Ikanyamaza hapo, kwa kuwa ni sabuni na ina adabu zake. Lakini methali hiyo naijua inavyoishia. Kila mtu anaijua.

Nikarudi bandani. Pipa lilikuwa linafuka mvuke, maji yanazunguka, na harufu ya mtarakwa imejaa. Sijawahi kuingia humo katika miaka tisa. Mtu akiniuliza husema kanuni za kazi haziruhusu, ingawa hakuna kanuni kama hiyo na aliyeandika kanuni ni mimi.

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," pipa likasema. "Na wewe chini ulishavua. Lakini kichwa kibaki nje."

Hiyo ni kanuni ya pili: KICHWA KISIINGIE MAJINI. Nimeiandika kwa sababu masikio na pua ndiko maradhi yanakopitia. Nikamwambia Bwana Karatasi kwamba inamaanisha usizame. Akasema yeye anasoma kilichoandikwa. Basi nikakivua kichwa changu, nikakitundika kwenye msumari wa taulo, nao mwili wangu ukaanza kupanda ngazi peke yake.

Ni jambo la ajabu kujiona kwa nyuma. Nilidhani mimi ni mtu wa mgongo mpana. Kule juu ya ngazi palikuwa na kizee chenye mbavu zilizoachana, kila ubavu na njia yake, na katikati yake mwanga wa asubuhi unapita. Kila kilipoinua mguu, kitu kilidondoka kati ya mbavu na kuloanisha ngazi.

"Anavuja," pete ya juu ikasema.

"Amekauka," ya kati ikajibu. "Mbao zimesinyaa."

"Ndivyo wanavyokuwa wakikaa bila mtu," pipa likasema, na halikusema kwa ubaya. Lilisema namna mimi ninavyosema juu yake kwa wageni.

Niliona aibu. Nikaanza kutoka pale msumarini kueleza kwamba mwili ule unakula vizuri, kwamba ni koti ndilo limeufanya uonekane hivyo. Nikaeleza mpaka taulo likachoka. Likakichukua kichwa changu, likakirudisha mahali pake mabegani ili kinyamaze.

Nikakalia benchi la ndani, maji yakinifika mabegani. Yalikuwa matamu. Sina neno lingine.

"Hatuwezi kuanza," Bwana Karatasi akasema. "Pipa hili ni la watu wanne. Wengine wako wapi?"

"Imeandikwa wasizidi wanne. Mmoja anaruhusiwa."

"Mke?"

"Yuko Makambako kwa binti yetu."

"Binti?"

"Ndiye huyo wa Makambako."

"Rafiki?"

Nikatazama maji. Pampu ikakohoa kwa ajili yangu.

"Basi tutatumia waliopo," akasema, na mara tukawa wanne humo ndani, wote mimi. Akina Hezron wanne, makoti manne yakielea. Tukatazamana.

"Maji vipi?" akauliza wa kwanza.

"Salama," akajibu wa pili.

"Umeyapima?" akauliza wa tatu.

"Asubuhi na jioni," nikasema mimi.

Mazungumzo yakaishia hapo. Hapakuwa na kitu ambacho mmoja alikijua na mwingine hakijui. Nimekaa miezi saba peke yangu katika nyumba ya vyumba vitatu na sikuwahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa nimekaa na wale watu watatu. Tulikaa tu, magoti yanagusana. Kisha wa tatu akageuka kutazama dirisha la jiko la nyumba yangu, linaloonekana kutoka bandani.

"Usitazame huko," tukamwambia kwa pamoja.

Akaendelea kutazama. Ikabidi na sisi tutazame.

Pale dirishani ndipo alipokuwa amesimama Mama Enesia ile asubuhi ya mwezi wa sita. Siku iliyotangulia alikuwa amechimba viazi tangu alfajiri, mgongo ukamkaza mpaka akawa anatembea ameinama. Wageni hawakuwapo. Mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, nikamwambia, "Mama Enesia, ingia pipani, maji yapo." Nikamwongezea kuni. Alioga kwa sabuni kwanza, kama ubao unavyosema, akaingia, akakaa humo dakika arobaini akiimba kwa sauti ya chini. Alipotoka alikuwa amenyooka, na alikuwa anacheka peke yake. Miaka mingi sikuwa nimemwona anacheka hivyo.

Kesho yake kalenda ilionyesha kwamba miezi mitatu imetimia. Kanuni ya sita: kila miezi mitatu maji yote yamwagwe, pipa lisuguliwe, lijazwe siku hiyohiyo. Nikavuta kizibo. Nikachukua brashi, nikaingia na mabuti, nikasugua benchi, nikasugua pale hasa alipokuwa amekaa, nikaanza hata kupiga mluzi.

Sasa, kwetu, maji yanayomwagwa yote asubuhi baada ya mtu mmoja kuoga, na chombo kikasuguliwa, ni maji ya maiti. Yana shimo lake, na chombo hakiguswi mpaka kisuguliwe. Hilo nalijua. Nimemwosha baba yangu mwenyewe, na shimo nililichimba mimi. Lakini asubuhi ile sikulikumbuka kabisa, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka kalenda.

Akatoka nje na mwiko mkononi. "Baba Enesia, ndiyo unamwaga maji yangu kama ya maiti?"

Ningeweza kusema mambo mengi. Ningeweza kumwonyesha kalenda, au kumwambia samahani. Nilisema, "Ni kanuni."

"Kwa hiyo wazungu wakioga wiki nzima kanuni imelala. Nimeoga mimi mara moja, imeamka?"

"Usiniletee mambo ya kienyeji kwenye kazi ya watu," nikamwambia, nikaendelea kusugua.

Mchana wake akapanda gari la Makambako. Tangu hapo tunazungumza kwa simu kila Jumapili, na tunazungumza habari za mbuzi. Anauliza mbuzi hawajambo, nasema hawajambo. Nataka kumwambia arudi na sijui pa kuanzia, basi namwambia yule wa madoa amezaa. Nami kwenda kumfuata siwezi, maana pipa litakauka. Hiyo ndiyo sababu ninayoitoa.

Katika ndoto, wa kwanza akasema anakwenda kupima maji. Akatoka pipani, akapotelea ukungu. Wa pili akasema pia anakwenda kupima maji. Wa tatu alinitazama tu namna Mama Enesia alivyonitazama akiwa juu ya gari, akaondoka. Nikabaki.

Mfuniko ukaja. Mfuniko wa pipa letu ni wa mbao nzito, na kila siku hunivunja kiuno kuufungua. Leo ulikuja wenyewe, ukipumua kwa shida, ukasimama ukingoni na kuchungulia.

"Kuna mtu humu?"

"Nipo," nikasema.

Ukamgeukia Bwana Karatasi. "Kuna mtu?"

Bwana Karatasi akachovya mguu majini, karibu kabisa na goti langu, akahesabu kumi na tano, akainua. Miraba myeupe.

"Hakuna mtu," akasema.

"Kanuni ya tano," mfuniko ukasema. "Pasipo na mtu, pipa lifunikwe."

"Lakini mimi nipo! Ninaongea!"

"Nakusikia, Mzee," mfuniko ukasema kwa upole. "Lakini wewe mwenyewe ulitufundisha. Tunafuata kipimo, hatufuati macho." Na ukajilaza juu yangu polepole, usije ukanibana vidole.

Humo ndani ni giza na joto. Nasikia pampu kwa mbali. Nagonga mbao kwa ngumi, naita. Naita pipa, halijibu, maana nimo ndani yake na huenda halisikii. Namwita Bwana Karatasi. Kisha naita, bila kupanga, "Mama Enesia!" Sauti inazunguka na kunirudia usoni. Nikalia. Mtu mzima wa miaka hamsini na minane nililia kwa kwikwi.

"Usilie humu," sauti ikasema. "Chumvi inaharibu mbao."

"Nani?"

"Maji."

"Maji yangu ya leo?"

"Ya leo hayajui kusema, hayajakutana na mtu. Mimi ni ya mwezi wa sita."

Hakuna kozi inayokufundisha uyaambie nini maji uliyoyamwaga.

"Nilidhani maji yakimwagika hayazoleki," nikasema mwishowe.

"Wanaosema hivyo hawajawahi kuwa maji. Mimi nimezoleka mara ngapi! Ulinimwaga kwenye mfereji, nikapita kwenye kabichi zako, nikaingia mtoni, nikapanda juu, nikatembea. Jana jioni nimenyesha Makambako, kwenye bati la binti yako, nikaingia kwenye ndoo. Hivi tunavyoongea niko ndani ya sufuria na mkeo anakoka moto. Sina nafasi ya hadithi. Nijibu. Siku ile ulinipima?"

"Tarehe ilikuwa imefika."

"Sikukuuliza tarehe."

"Hapana," nikasema. "Sikukupima."

"Nilikuwa safi, Hezron."

Hakuna aliyeniita Hezron tupu tangu mama yangu afariki. Nikaweka mikono usoni, ingawa hapakuwa na wa kuniona.

"Yule mama alioga kabla hajaniingia," maji yakaendelea. "Udongo wa viazi ulibaki kidogo chini ya kucha, si wa kunidhuru. Jasho lake lilikuwa la kawaida. Zaidi ya hapo aliacha neno moja. Alisema, 'Kesho nitamwambia na yeye aingie, tukae wote.' Nikakaa na neno hilo usiku kucha, nikilitunza joto. Asubuhi ukavuta kizibo."

Miaka tisa nimepima jasho la watu nisiowajua.

"Sasa nisikilize," maji yakasema. "Asubuhi ile kuna jambo ulipaswa kulisema. Mpaka ulitamke, mimi sichemki. Akoke kuni za msitu mzima, sichemki. Na mkeo asipokunywa chai asubuhi unamjua."

"Nimwambieje?"

Lakini juu yangu mfuniko ukanyanyuka kidogo, mwanga ukaingia, na nikasikia sauti ya Bwana Karatasi, sasa akiwa na haraka. "Ngoja, ngoja. Mraba wa kati unaanza kubadilika rangi. Funua. Kuna mtu."

Nikaamka.

Palikuwa pamekucha, saa moja kasoro. Shuka kavu. Nikajigusa kichwa, kipo, tena mahali pake. Nikavaa suruali kabla ya kitu kingine chochote, nikaenda bandani. Pipa limefunikwa kama nilivyoliacha. Nikafunua, nikachovya kikaratasi, nikasoma: kila kitu sawasawa. Nikakitupa kwenye ndoo, kisha nikakitoa nikakiweka dirishani, kwa heshima.

Nilifurahi kwamba ilikuwa ndoto tu. Baada ya furaha hiyo nikasimama pale bandani, ndoo mkononi, na sikuwa na mtu wa kumsimulia. Ukungu ulikuwa haujapanda. Nikatoa simu. Haikuwa Jumapili, ilikuwa Jumatano, na niliwaza nitasema mbuzi mmoja anaumwa.

Akapokea kabla haijaita mara ya tatu.

"Baba Enesia? Kuna nini? Leo si Jumapili."

"Hakuna kitu. Umeamkaje?"

"Nimeamka. Mbuzi hawajambo?"

"Hawajambo wote." Mbuzi anayeumwa alikuwa amenitoka akilini. "Mmeshakunywa chai?"

"Chai gani!" akasema, na nikasikia akiponda kitu, kuni au mkaa. "Nimetenga maji tangu saa kumi na mbili. Moto unawaka huu, sufuria limekuwa jekundu chini, maji yako vilevile. Vuguvugu. Enesia anasema labda ni haya maji ya mvua ya jana ya kwenye bati. Maji ya mvua tangu lini yakakataa kuchemka? Mimi sijapata kuona maisha yangu yote."

Nikakaa kwenye ngazi ya pipa.

"Baba Enesia? Upo?"

"Nipo."

"Mbona umenyamaza?"

Pampu ilikuwa inazunguka nyuma yangu. Nikainuka, nikaizima, jambo ambalo silifanyi asubuhi.

"Mama Enesia," nikasema. "Yale maji yako yalikuwa safi."

Nilisikia akiacha kuponda.

"Yale ya mwezi wa sita. Sikuyapima. Nilitazama kalenda tu, nikayamwaga, na wewe unaniangalia. Nikasugua pale ulipokaa. Yalikuwa safi, na nilipaswa kukuambia pale pale. Sikukuambia. Nilikukosea, mke wangu."

Nilidhani mtandao umekatika. Haukuwa umekatika. Nilisikia jogoo wa Makambako, na mtu akipita nje akisalimia, na yeye hakumwitikia.

Kisha nikasikia mfuniko wa sufuria ukianza kugonga, kwanza kidogo, halafu kwa fujo.

"Ngoja," Mama Enesia akasema, na sauti yake haikuwa ile ya habari za mbuzi. "Usikate, Baba Enesia. Ngoja kidogo. Yanachemka."

Nikangoja, simu sikioni, nikisikiliza anavyoyamimina.